Chuma Kilichovunjika na Namba Moja

Wengi wetu tulilijua neno "fraktali" kupitia zile picha za rangi ambazo kompyuta zetu kuukuu zilikesha zikizichora. Leo tuziache picha, tuongee chuma. Benoit Mandelbrot alipobuni neno hilo mwaka 1975 alilitoa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya "kilichovunjika", kwa hivyo chuma kina haki nalo.

Kuchunguza pale chuma kilipovunjika ni kazi ya zamani. Mwaka 1722, Réaumur wa Ufaransa alichapisha kitabu chenye michoro ya nyuso za chuma kilichovunjwa, akieleza namna ya kujua ubora wake kwa kutazama chembe zake. Shida ni kwamba jicho la fundi halitoi namba. Na mtu anayechunguza kwa nini ekseli imekatika au bawa la ndege limepasuka anataka namba.

Mwaka 1984, Mandelbrot, Dann Passoja na Alvin Paullay walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameipata. Walichukua chuma cha pua, wakapasha vipande vyake kwa viwango tofauti vya joto, kisha wakavivunja kwa pigo. Uso uliovunjika waliufunika kwa nikeli, halafu wakausugua pole pole. Vilele vya chuma vikaanza kuchomoza kama visiwa katika bahari ya nikeli.

Sasa hesabu. Chukua visiwa vya mviringo: eneo likiongezeka mara 100, mzingo huongezeka mara 10 tu. Lakini ufukwe ukiwa na mikunjo ndani ya mikunjo, mzingo hukua haraka zaidi. Kipimo cha ufukwe kikiwa 1.28, kwa rula ileile, mzingo utaongezeka kama mara 19. Ongeza 1 kwenye kipimo hicho, unapata kipimo cha uso mzima, kilicho kati ya 2 na 3.

Kilichowasisimua watu ni grafu yao: nishati ya kukivunja chuma ilipozidi, kipimo kilishuka. Yaani ungeweza kuokota kipande kilichovunjika, ukapima mikunjo yake, ukajua chuma kilikuwa kigumu kuvunjika kiasi gani!

Maabara nyingine zikajaribu. Baadhi hazikuona uhusiano wowote. Nyingine ziliona mstari unaopanda badala ya kushuka. Mwaka 1990, Elisabeth Bouchaud na wenzake Ufaransa walipima aloi ya alumini iliyopashwa joto kwa namna mbalimbali. Ugumu wa kuvunjika ulitofautiana, namba ikabaki ile ile. Tofauti za urefu kati ya vilele na mabonde zilikua kwa kipeo cha karibu 0.8: umbali ukizidi mara 10, tofauti hizo huzidi kama mara 6. Wakauliza: je, hii ni namba moja kwa vitu vyote?

Jibu nalo halikuwa rahisi. Mwaka 2006, Ponson, Bonamy na Bouchaud walionyesha kwamba kipeo hutegemea upande unaopimia: karibu 0.6 ukifuata njia ya ufa, na karibu 0.75 ukiikata njia hiyo. Uso uliovunjika unakumbuka ufa ulielekea wapi.

Kwa hivyo, je, Mandelbrot na wenzake walikosea? Kwamba uso wa chuma kilichovunjika ni fraktali katika vipimo fulani, hilo limesimama. Kilichoanguka ni ile ahadi ya kwamba namba moja ingetuambia ugumu wa chuma chochote. Grafu yao ilitoka kwenye aina moja ya chuma, na wasomaji wakaifanya sheria ya vyuma vyote.

Sisi waandishi wa programu tunaijua hiyo. Programu inafanya kazi vizuri kwenye mashine yako, unaipeleka kwa mteja, inakufa siku ya kwanza. Basi ukipata mstari mzuri kwenye grafu, tafuta chuma kingine, ukivunje nacho.