Halloween: Watoto wa jirani wakigonga, uwatishe au uwape pipi?

Kila tarehe 31 Oktoba, giza likianza kuingia, watoto wa Marekani na Kanada hupita nyumba hadi nyumba wakiwa wamevaa kama mizimu, wachawi, malkia au mashujaa wa filamu. Wanagonga mlango, wanasema "trick or treat", na mwenye nyumba anawatilia pipi kwenye mfuko.

Maana yake ni kama kusema: tupe kitu kitamu, la sivyo tutakufanyia vituko. Ila siku hizi mambo yamegeuka. Mara nyingi anayefanya vituko ni mtu mzima, aliyejibanza nyuma ya kichaka na kinyago usoni, akisubiri kumshtua mtoto wa miaka minne.

Wapo wanaosema hiyo ndiyo raha yenyewe ya Halloween. Wengine wanasema mtoto amefuata pipi, apewe pipi. Nani yuko sahihi?

Desturi hii ilianzia wapi?

Asili yake ni Samhain, sherehe ya kale ya Waselti wa Ireland na Scotland, iliyofunga msimu wa mavuno na kufungua majira ya baridi. Iliaminika kwamba usiku huo wafu huwa karibu na walio hai. Baadaye ikaungana na mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba, na jina Halloween limetokana na mkesha huo.

Wahamiaji wa Ireland, wengi wao wakikimbia njaa kubwa ya miaka ya 1840, waliivusha hadi Marekani. Huko ndiko boga lililochongwa sura likawa alama yake.

Pipi ziliingiaje?

Pipi ziliingia ili kuleta amani mtaani. Mwanzoni mwa karne ya 20, vijana ndio waliokuwa tishio usiku huo. Waling'oa mageti, walivunja madirisha na kufungulia mifugo. Mwaka 1920, mji wa Anoka huko Minnesota uliandaa gwaride la Halloween ili kuwapa vijana kitu kingine cha kufanya.

Maneno "trick or treat" yalionekana kwenye gazeti la Kanada mwaka 1927, kwenye habari kutoka mji mdogo wa Blackie, Alberta. Mgao wa sukari wa wakati wa vita ulipoisha Marekani mwaka 1947, desturi ya pipi ikasambaa nchi nzima.

Kwa hiyo pipi ni makubaliano ya zamani: mtoto anapata kitamu, mtaa unalala salama.

Kutisha kunaharibika wapi?

Kwenye umri. Mtoto wa miaka 10 anajua kwamba nyuma ya kinyago kuna baba wa jirani, kwa hiyo anapiga kelele kisha anacheka. Mtoto wa miaka mitatu au minne bado anachanganya cha kweli na cha kuigiza. Kwake yule ni zimwi kweli, na kesho yake huenda akakataa kulala peke yake.

Jambo la pili ni barabara. Mtoto akishtuka anakimbia, na hachagui pa kukimbilia. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA Pediatrics uliangalia Halloween 42, kuanzia 1975 hadi 2016. Ulikuta kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa jioni hiyo ni asilimia 43 zaidi ya jioni nyingine walizolinganisha nazo.

Vipi kuhusu pipi zenye sumu?

Hofu hii ni kubwa kuliko ushahidi wake. Joel Best, mwanasosholojia wa Marekani aliyefuatilia visa hivi tangu miaka ya 1980, hakupata kisa kilichothibitishwa cha mtoto kuuawa na pipi aliyopewa na mtu asiyemjua. Kisa maarufu cha Texas cha mwaka 1974 kilimhusu baba aliyempa sumu mwanawe mwenyewe.

Mwenye nyumba afanye nini?

• Mapambo yatishe, watu wasiwarukie wadogo. Mifupa bandia na buibui uani vinatosha.

• Mtazame mtoto kwanza. Akirudi nyuma au akimshika mzazi, vua kinyago na umsalimie.

• Wakubwa wanaotaka kutishwa, watishe karibu na mlango, mbali na barabara.

• Pipi apewe kila mtoto. Usimlazimishe aliyeogopa apite kwenye zimwi ndipo apate.

• Weka pia zawadi zisizoliwa kama penseli au stika, kwa watoto wenye mzio wa karanga au maziwa. Boga lenye rangi ya buluu-kijani mlangoni huwajulisha wazazi kwamba zipo.

Na kama hausherehekei?

Familia nyingi za Waswahili walioko Marekani, kutoka Congo, Burundi, Kenya au Tanzania, hukutana na Halloween kwa mara ya kwanza huko, na baadhi hawaitaki kwa sababu za imani. Hakuna haja ya kugombana wala kujieleza. Zima taa ya barazani. Taa ikiwaka ni karibu, ikizimwa watoto wengi wanaelewa na kupita.

Ila ukiiwasha, umewakaribisha. Na mgeni, hata awe na miaka mitatu na mabawa ya kipepeo mgongoni, hafukuzwi mlangoni akilia.