Francisco Rodríguez na Hesabu ya Michezo Iliyookolewa
Katika insha hii ninadai kwamba historia humkumbuka zaidi yule ambaye kazi yake imehesabiwa. Francisco Rodríguez, mzaliwa wa Caracas, Venezuela, alikuwa mrushaji mpira wa kumalizia katika besiboli: aliingizwa mwishoni, timu yake ikiongoza, ili ushindi usiponyoke. Mwaka 2002, akiwa na miaka 20, aliisaidia Anaheim Angels kutwaa ubingwa wa Marekani. Mwaka 2008 aliokoa michezo 62, akaivunja rekodi ya Bobby Thigpen ya michezo 57, iliyowekwa mwaka 1990. Lakini michezo iliyookolewa ilianza kuhesabiwa rasmi mwaka 1969. Warushaji wa kabla ya hapo waliulinda ushindi vilevile, bila hesabu hiyo. Hivyo, tukisoma rekodi yoyote, tuulize kwanza: nani aliamua kipi kihesabiwe?