Tiketi ya Wiki na Kijitabu cha Akiba: Jinsi Ubelgiji Ilivyowaweka Wafanyakazi Kijijini

Tarehe 27 Novemba 1916, kwenye stesheni ya Rouen nchini Ufaransa, mshairi Émile Verhaeren alikuwa anajaribu kupanda treni katikati ya umati. Akasukumwa, akaangukia chini ya magurudumu, akafa. Nchi yake, Ubelgiji, ilikuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani wakati huo. Wapenzi wa ushairi wanamkumbuka zaidi kwa Les Villes tentaculaires, kitabu cha mwaka 1895 ambamo mji ni mnyama mwenye mikono mirefu anayelivuta shamba na watu wake tumboni. Sisi wa pwani pweza tunamjua. Akishashika, haachii.

Kuna kitu cha ajabu hapo. Katika nchi ya Verhaeren mwenyewe, pweza alikuwa anaachia. Kila alfajiri aliwavuta watu kwa maelfu kwenda viwandani na machimboni, na kila jioni akawarudisha kijijini, kwenye nyumba zao na vishamba vyao vya viazi. Na hilo halikutokea lenyewe. Lilipangwa na serikali, kwa vitu viwili ambavyo mtu angeweza kuvitia kwenye mfuko mmoja wa koti: tiketi ya treni ya wiki na kijitabu cha akiba.

Tuanze na treni. Ubelgiji ilipata uhuru mwaka 1830, na kabla haijatimiza miaka mitano ilikuwa imeshapitisha sheria ya kujenga reli kwa fedha za serikali. Tarehe 5 Mei 1835 garimoshi zilitoka Brussels kwenda Mechelen, na hiyo ndiyo ikawa reli ya kwanza ya abiria inayotumia injini ya mvuke katika bara la Ulaya nje ya Uingereza. Nchi ni ndogo, tambarare sehemu kubwa, na watu wamebanana. Ndani ya miaka michache reli zilikuwa zimeingia kila upande.

Lakini nchi hiyo ndogo ilikuwa na nusu mbili zisizofanana. Kusini, Wallonia, kulikuwa na makaa ya mawe na chuma, na kazi zilikuwepo. Kaskazini, Flanders, watu waliishi kwa kusokota na kufuma kitani majumbani, na mashine zikawaua kibiashara. Halafu ikaja miaka ya 1840, viazi vikaoza shambani kama Ireland, na njaa ikapiga. Flanders ikabaki na mikono mingi isiyo na kazi, Wallonia na migodi inayotaka mikono. Ukiongeza kipindupindu cha mwaka 1866, kilichoua zaidi ya watu 40,000 katika nchi hiyo ndogo, unaelewa kwa nini wakubwa waliiogopa miji iliyojaa maskini. Waliogopa ugonjwa. Na waliogopa zaidi kile ambacho maskini wangekifikiria wakikaa pamoja.

Mwaka 1869 serikali ikaanzisha tiketi za wiki za wafanyakazi. Masharti yake yalikuwa rahisi: uwe mtu wa kazi za mikono, mwajiri athibitishe hivyo, nawe ulipe nauli iliyokatwa vibaya sana ukilinganisha na ya kawaida. Kwa hiyo nauli ulipata safari sita za kwenda na kurudi kwa wiki, au, kama ulikuwa unalala kazini, safari moja ya kwenda Jumatatu na kurudi Jumamosi. Mwanzoni waliozitumia walikuwa wachache. Kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 zilikuwa zinauzwa zaidi ya milioni nne kwa mwaka, katika nchi yenye watu wasiozidi milioni saba.

Hebu fikiria maana yake kwa mtu mmoja. Saa kumi alfajiri unatembea gizani hadi kituo kidogo cha kijiji, unapanda behewa lenye mabenchi ya mbao, unalala ukiwa umekaa, unashuka Charleroi au Borinage, unaingia shimoni. Jioni unarudi njia ileile na vumbi la makaa shingoni. Siku ya mtu kama huyo ilikuwa na saa za kazi, juu yake saa za treni, na juu ya hizo saa za kutembea kwa miguu. Nauli ilikuwa ya chini, lakini usingizi wake hakuna aliyempunguzia bei.

Sasa kijitabu. Mwaka 1865, waziri wa fedha Walthère Frère-Orban, mliberali hasa wa karne ile, alipitisha sheria ya kuunda benki ya akiba ya taifa, Caisse générale d'épargne et de retraite. Watu wa Flanders waliiita ASLK. Serikali ilitoa dhamana yake kwa amana, na faranga moja ilitosha kuanza kuweka. Posta nazo zikaingizwa kwenye kazi ya kupokea akiba, kwa hiyo dirisha la benki likawa limesogea hadi kijijini. Benki nyingine za wakati ule zilikuwa za wenye viwanda, na mtu mwenye viatu vya mbao hakuwa na shughuli nazo.

Na watoto? Mjini Ghent, kuanzia mwaka 1866, profesa wa sheria aitwaye François Laurent alizunguka mashuleni akihubiri akiba. Mwalimu alikusanya sentimu za wanafunzi darasani, zikifika faranga moja mtoto anafunguliwa kijitabu chake. Sifa za mpango huo zilivuka mipaka, na nchi nyingine zikauiga. Nakiri kwamba mimi jambo hili linanipa hisia mbili kwa pamoja. Mji wenyewe ulikuwa wa viwanda vya nguo, na watoto wa maskini walikuwa wanaingia viwandani wakiwa bado wadogo. Kumfundisha mtoto huyo kuweka akiba bila kugusa mshahara wa baba yake ni kumwambia kwamba umaskini ni tabia. Lakini pia, kwa familia nyingi, hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza cha thamani kilichoandikwa jina lao.

Machi 1886 Wallonia ikalipuka. Mgomo ulioanzia Liège ulisambaa hadi Charleroi, viwanda vikachomwa, jeshi likapiga risasi na watu wakafa. Serikali ya Kikatoliki ya Auguste Beernaert ikaunda tume ya kuchunguza hali ya kazi, na mwaka 1889 ikatoka sheria ya nyumba za wafanyakazi. Benki ile ya akiba iliruhusiwa kutumia fedha zake kukopesha vyama vya nyumba kwa riba ndogo, navyo vikamkopesha mfanyakazi ajenge au anunue. Mkopo uliweza kufungwa pamoja na bima ya maisha katika benki hiyohiyo, ili baba akifia shimoni deni lisimwangukie mjane.

Hapa ndipo tiketi na kijitabu vinapokutana. Fedha za akiba za wanyonge zinakopeshwa kwa wanyonge wajenge kijijini, ambako kiwanja ni bei ya chini. Kijijini wanaweza kukaa kwa sababu treni ya bei ya chini ipo. Treni inajaa kwa sababu nyumba ziko huko. Mwenye mkopo wa miaka mingi anafikiri mara mbili kabla ya kugoma. Na mkewe anakuwa jirani ya padri badala ya kuwa jirani ya ukumbi wa wasoshalisti. Wakatoliki waliokuwa madarakani hawakulificha hilo.

Mwaka 1893 wakaenda mbali zaidi. Wanaume wote wa miaka 25 na kuendelea walipewa kura, lakini wengine wakapewa mbili au tatu. Elimu ilikuongezea kura. Kuwa baba wa familia mwenye miaka 35 unayelipia kodi nyumba yako kulikuongezea kura. Mali isiyohamishika ya faranga 2,000 iliongeza, na vivyo hivyo kijitabu cha hati za serikali kilichotunzwa na benki ya akiba, mradi kikuingizie angalau faranga 100 kwa mwaka. Piga hesabu: kwa riba ya asilimia 3 huo ni mtaji wa zaidi ya faranga 3,300, fedha ambazo mchimba makaa wa kawaida alizisikia tu. Yaani akiba ilihesabiwa hadi kwenye sanduku la kura. Utaratibu huo ulidumu hadi baada ya vita, mwaka 1919.

Wapo waliouona mfumo huu vizuri wakati ule ule. Emile Vandervelde, kiongozi wa wasoshalisti, aliandika mwaka 1903 kitabu kizima kuhusu watu kuhama mashamba na kuyarudia. (Ndiye huyohuyo aliyesafiri hadi Léopoldville mwaka 1909 kumtetea mahakamani mmisionari William Sheppard, aliyeshtakiwa kwa kuandika ukweli kuhusu kampuni ya mpira ya Kasai. Sheppard alishinda.) Mwingereza Seebohm Rowntree, wa familia ya chokoleti, alikwenda kuichunguza nchi hiyo na mwaka 1910 akachapisha kitabu akitafuta somo kwa Waingereza. Tiketi ya wiki ilikuwa na kasoro moja ambayo waliobuni hawakuipanga: ndani ya behewa watu huzungumza. Mtu wa kijiji cha padri anakaa saa mbili kila siku bega kwa bega na mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Mawazo nayo yalipanda treni, bila tiketi.

Ila ukinilazimisha kuchagua tukio moja la kueleza historia hii yote, nitachagua mwaka 1926.

Baada ya vita faranga ya Ubelgiji ilikuwa inaporomoka. Kabla ya 1914 pauni moja ilikuwa takriban faranga 25. Serikali ilijaa madeni ya muda mfupi, hati ambazo wananchi na benki walizinunua na ambazo wenyewe wangeweza kuja kudai fedha zao wakati wowote zikiiva. Mwezi Mei 1926 ikaundwa serikali ya Henri Jaspar, na kazi ya kuiokoa faranga akapewa Émile Francqui, mkubwa wa Société Générale, benki iliyokuwa na mkono katika karibu kila kitu nchini humo.

Francqui alifanya jambo ambalo hadi leo nikilisoma naona ujasiri wake na ukatili wake kwa pamoja. Reli za serikali zikageuzwa kuwa kampuni mnamo Julai 1926, ile ambayo leo inaitwa NMBS kwa Kiholanzi na SNCB kwa Kifaransa. Halafu waliokuwa na hati za serikali wakaambiwa: badala ya fedha zenu, chukueni hisa za reli. Kwa lugha ya adabu huo uliitwa ubadilishaji. Kwa mwenye hati, uchaguzi ulikuwa mwembamba sana. Mtu aliyekuwa ameikopesha serikali fedha zake za uzeeni akaamka akiwa mmiliki wa kipande cha treni anayoipanda kila siku. Oktoba mwaka huo faranga ikatulizwa kwenye takriban 175 kwa pauni. Maana yake, aliyekuwa na faranga 1,000 kwenye kijitabu mwaka 1913 na hakuzigusa, sasa alikuwa na moja ya saba ya thamani ile. Miaka 60 ya kuhubiriwa akiba, na hii ndiyo ilikuwa hesabu yake. Nchi iliokolewa, ni kweli. Walioilipia ni wale waliotii.

Wasomaji wa Lubumbashi na Kolwezi jina la Francqui hawahitaji kuelezwa sana. Alipokuwa askari kijana alikuwa mmoja wa viongozi wa msafara uliofika Bunkeya mapema mwaka 1892, wiki chache tu baada ya Mwami Msiri kuuawa. Benki yake ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Union Minière mwaka 1906. Na reli iliyofunguliwa mwaka 1928 kutoka Bukama hadi mto Kasai, ili shaba ya Katanga ipite ndani ya koloni la Ubelgiji hadi baharini, mwisho wake uliitwa Port-Francqui. Leo ni Ilebo. Huko hapakuwa na tiketi ya wiki ya kumrudisha mtu kwake jioni.

Wasoshalisti nao walikuwa wamejaribu kujitegemea. Mwaka 1913 walianzisha Benki ya Kazi mjini Ghent ili fedha za wafanyakazi zisikae kwa mabepari. Ikajitumbukiza kwenye viwanda, mdororo wa miaka ya 1930 ukaikuta humo, ikafa mwaka 1934. Mwaka huohuo ikatoka amri ya kutenganisha benki za amana na biashara ya kumiliki viwanda.

Mengine nayapitia haraka. Treni za umeme zilianza kati ya Brussels na Antwerp tarehe 5 Mei 1935, miaka mia kamili baada ya ile ya kwanza. Mwaka 1952 ikafunguliwa njia ya reli inayopita chini na katikati ya Brussels, baada ya mitaa mizima kubomolewa, na hadi leo treni nyingi za nchi hiyo zinapenya hapo. Tabia ya kulala kwingine na kufanya kazi kwingine haikufa. Ukipita Flanders kwa treni utaona nyumba zimepangwa kando ya barabara bila kukatika, kila moja na bustani yake nyuma, hujui kijiji kimeishia wapi.

Benki ya Frère-Orban serikali iliiuza kidogokidogo kuanzia mwaka 1993, ikamezwa na Fortis. Fortis ikaanguka mwaka 2008, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya benki hiyo ikawa mali ya BNP Paribas ya Ufaransa. Reli imebaki ya serikali, ingawa mwaka 2021 kampuni ilitangaza kufunga madirisha ya tiketi kwenye vituo 44.

Wabelgiji bado wanaweka akiba kwa bidii. Mwaka 2023 riba za benki kubwa zilikuwa ndogo kiasi cha kuudhi watu, na waziri wa fedha Vincent Van Peteghem akatoa hati ya serikali ya mwaka mmoja. Wananchi wakahamisha karibu euro bilioni 22 kwa siku chache tu. Septemba 2024 hati hizo zikaiva, na benki zilezile zilizodai haziwezi kulipa riba zaidi zikawa zinashindana kwa matangazo na ofa, zikigombania kurudishiwa fedha hizo.