Kimbilio au Baraza? Vijana wa Japani na Filamu za Katuni, 1963–1998

Tarehe 1 Januari 1963, televisheni ya Japani ilianza kuonyesha Tetsuwan Atomu, katuni iliyotungwa na Osamu Tezuka. Watoto walioitazama walikua, ila wengi hawakuiacha sanaa hiyo, iitwayo anime. Hapo likazuka swali: je, mtu mzima anayezama katika katuni anayakimbia maisha?

Wengi walijibu kwamba anayakimbia. Mwaka 1983, mwandishi Akio Nakamori aliwaita wapenzi hao otaku. Asili ya neno hilo ni «nyumba yako», nalo hutumika pia kama kiwakilishi cha heshima cha nafsi ya pili, hasa kwa mtu asiyezoeleka. Wapenzi wa katuni walikuwa wakiitana hivyo. Nakamori akaigeuza heshima kuwa dhihaka. Mwaka 1989 alikamatwa mtu aliyewaua wasichana wadogo wanne, na chumba chake kilikutwa kimejaa kanda za video. Tangu hapo dhihaka ikawa hofu.

Hata hivyo, mfuatano wa matukio hauafiki hukumu hiyo. Mapenzi ya katuni yalistawi nchi ilipokuwa katika neema. Basi vijana hao hawakuwa wakikimbia ufukara. Wala hawakujitenga na wenzao. Desemba 1975 lilianzishwa mjini Tokyo soko la Comic Market, ambamo wapenzi waliuziana vitabu walivyovitunga wenyewe. Tarehe 22 Februari 1981, maelfu yao walikusanyika Shinjuku kuipokea filamu ya kwanza ya Gundam. Anayewakimbia watu hautafuti umati.

Miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Uchumi ulipoporomoka, makampuni yalipunguza ajira, na wahitimu wengi wakakosa kazi ya kudumu. Oktoba 1995 ikatokea Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno, ambaye naye alikulia katika mapenzi hayo. Shujaa wake, Shinji, ni mvulana wa miaka 14 anayejikataza kukimbia, na bado anakimbia. Katika filamu ya mwaka 1997 iliyoikamilisha hadithi hiyo, Anno aliingiza picha halisi za watazamaji wakiwa ukumbini, kana kwamba anawawekea kioo. Mwaka uliofuata, daktari wa akili Tamaki Saitō alichapisha kitabu juu ya hikikomori, yaani watu wanaojifungia nyumbani miezi na miaka. Si wote waliokuwa wapenzi wa katuni. Lakini umma uliwachanganya upesi na otaku.

Historia hii yafundisha kwamba sanaa ileile yaweza kuwa baraza kwa wanaotoka kwenda kukutana, na kimbilio kwa waliofungiwa milango. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kijana ameridhika na maisha yake hatoshelezwi na kuhesabu saa anazokaa mbele ya televisheni. Hana budi kuchunguza pia anawatazama na nani wahusika hao wa katuni, na jamii imemwandalia nafasi gani anapoizima.