Watumiaji wa awali (programu)

Watumiaji wa awali ni watu wachache wanaoipokea programu mpya kabla haijaenea na kuvumilia kasoro zake kwa kuwa inawatimizia haja. Thamani yao kubwa haimo katika idadi, bali katika yale wanayomfundisha mbunifu. Mfano ulio wazi ni M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu iliyoanza kujaribiwa nchini Kenya Oktoba 2005 kwa wateja wasiozidi 500 wa asasi ya mikopo midogo ya Faulu, waliotarajiwa kulipia humo marejesho ya mikopo yao. Wateja hao, ambao ilibidi wafundishwe ana kwa ana, waliipa huduma kazi ambazo hojaji yoyote isingezifichua: msafiri aliweka fedha kwa wakala, yaani mwenye duka aliyeidhinishwa kuzipokea na kuzitoa, akazichukua alikofika; mfanyabiashara akalaza humo mauzo yake benki zikiwa zimefungwa; wengine wakawanunulia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Safaricom, kampuni ya simu iliyoiendesha huduma hiyo, iliusoma mwenendo huo, ikaweka kando urejeshaji wa mikopo, na Machi 2007 ikaizindua huduma kwa wito mmoja mwepesi, wa kutuma pesa nyumbani.