Kuziba kwa sinki la bafuni

Kuziba kwa sinki la bafuni ni hali ya maji ya kunawia kushuka polepole, au kugoma kabisa kushuka, kwa sababu njia ya kuyatoa imebanwa na uchafu. Dawa za kuzibulia zinazouzwa madukani hulitia sinki hili kapu moja na lile la jikoni, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Jikoni huziba mafuta na mabaki ya chakula, ambayo yanaweza kwenda mbali ndani ya bomba kabla ya kuganda. Bafuni huziba nywele, ndevu zilizonyolewa, dawa ya meno na sabuni, na mchanganyiko huo mara nyingi hausafiri: hukwama kati ya tundu la sinki na trapu iliyo chini yake, umbali usiozidi urefu wa mkono. Kwa hiyo njia ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni kuutoa uchafu wenyewe kwa mkono. Kumimina kitu, kiwe cha dukani au cha jikoni, kunapaswa kuja nyuma sana.

Nywele peke yake zingepita. Kinachozishikiza ni sabuni, na si sabuni yenyewe bali kile inachogeuka kuwa. Sabuni ya kipande hutokana na mafuta, kama ya mawese, nazi au ya wanyama, yaliyochanganywa na kostiki soda. Inapokutana na maji yenye madini ya kalsiamu na magnesiamu, huungana nayo na kuwa utando wa kijivu unaonata, ambao hauyeyuki majini. Maji ya visima vya Mombasa na Unguja, yanayopita katika mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Wanaoyatumia wanajua jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu, tofauti na maji ya mvua. Povu linalokosekana juu ndilo utando unaoongezeka chini. Utando huo hushika kwenye vijiti vya msalaba vilivyo ndani ya tundu la sinki, au kwenye fimbo ya kizibo, nywele zikauzunguka, bakteria wakafanya makao humo na kutoa ute mweusi wenye harufu. Bomba la sinki la kunawia kwa kawaida lina kipenyo cha mm 32 tu, hivyo fundo dogo latosha kuzuia maji.

Kile kisichobaki kwenye tundu huangukia trapu, kona au chupa iliyo chini ya sinki ambayo hubaki na maji wakati wote. Wapo wanaoiona kuwa chanzo cha matatizo na kuamua kuiondoa, wakaunga bomba moja kwa moja. Ni uamuzi mbaya. Maji hayo yanayobaki ndiyo mlango unaozuia hewa ya majitaka isirudi chumbani, na umuhimu wake umejulikana tangu Alexander Cumming, fundi saa wa Kiskoti, alipopewa hataza London mwaka 1775 kwa choo chenye bomba lililopinda. Mwaka 2003, katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, wakazi zaidi ya 300 waliambukizwa ugonjwa wa SARS, na trapu za sakafu za bafu zilizokauka zilitajwa na wachunguzi kuwa mojawapo ya njia ambazo virusi vilipitia. Kinachohitajika kwa trapu ni kusafishwa.

Trapu ya chupa, iliyo ya kawaida katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kikombe chake cha chini kimetengenezwa makusudi kifunguliwe. Maji yaliyosimama huchotwa kwanza kwenye sinki, ndoo huwekwa chini, kisha kikombe huzungushwa kwa mkono kinyume na mwendo wa saa, kama anavyokiona mtu aliyeinama kukitazama kutoka chini. Kinachotoka ni maji meusi, tope la dawa ya meno, kifuniko cha tyubu, wakati mwingine hereni iliyokwisha kuombolezwa. Nywele zilizobaki juu huvutwa kwa waya mwembamba uliopindwa ncha kama ndoana, na ni jambo la kushangaza jinsi kitu kilichoonekana tundu tupu kinavyotoa mkia mrefu wa ute. Kuta za ndani husuguliwa kwa mswaki wa zamani. Washa ya mpira hufutwa na kurudishwa ilivyokuwa, kisha kikombe hukazwa kwa mkono. Spana hupasua plastiki na haizuii kuvuja zaidi ya washa iliyokaa vizuri. Karatasi kavu ikipitishwa chini ya maungio wakati sinki linamwaga maji, hata tone moja linalovuja litaonekana.

Wanaopinga husema kuna njia rahisi zaidi. Inayosifiwa sana ni bekingi soda na siki, kwa sababu hutoa mapovu mengi na mapovu huonekana kama kazi. Lakini moja ni alikali hafifu na nyingine asidi hafifu. Zikikutana hubatilishana, zikaacha gesi ya kaboni dioksidi na maji yenye chumvichumvi, ambayo hayana nguvu juu ya nywele. Maji ya moto yana hoja nzuri zaidi, kwa kuwa hulainisha mafuta na baadhi ya utando, ila yaliyochemka si ya kumiminwa: plastiki ya PVC huanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi, na maungio ndiyo huumia kwanza.

Kostiki soda ndiyo pingamizi lenye uzito, kwani huyeyusha nywele kwelikweli. Hata hivyo haiuyeyushi utando wa sabuni na kalsiamu, na ikikuta bomba limeziba kabisa husimama pale pale ikitoa joto. Punje zake zilizopata maji kidogo zinaweza kugandamana na kuwa jiwe. Kisha, ikishindwa, mtu atalazimika kufungua trapu hiyo hiyo, safari hii ikiwa imejaa kimiminika kinachounguza ngozi na kinachoweza kupofusha jicho. Anayeiongezea dawa nyingine kwa hasira anajiingiza kwenye hatari kubwa zaidi: dawa ya madoa yenye klorini ikichanganywa na asidi, hata siki, hutoa gesi yenye sumu. Nyumba nyingi za Dar es Salaam pia humwaga majitaka kwenye shimo, si kwenye mtandao wa mji, na bakteria wanaoozesha uchafu shimoni hawanufaiki na kemikali kali zinazomiminwa mara kwa mara.

Wapo pia wanaosema kufungua bomba ni kazi ya fundi. Ni kweli pale trapu ilipofichwa ukutani, au ilipo ya chuma kilichokwisha kuliwa na kutu, kwa kuwa hiyo hukatika mkononi na gharama ikapanda. Katika hali hizo pampu ya mpira ya kuzibulia ndiyo ya kujaribu kwanza, lakini tundu dogo la juu la sinki, lile la kuzuia maji yasifurike, lazima lizibwe kwa kitambaa kilicholowa. Bila hivyo msukumo wote hutokea pale na mtu huchoka bure.

Kuna hali moja ambayo mkono hauna la kufanya chini ya sinki. Ikiwa maji ya kuogea nayo yanasita sakafuni, au choo kinagugumia kila sinki linapomwaga, kizuizi kipo kwenye bomba la pamoja au kwenye chemba ya nje. Kifuniko cha chemba huinuliwa: ikiwa imejaa, njia imeziba mbele yake kuelekea shimoni, ikiwa tupu na kavu, kizuizi kiko kati yake na nyumba, na hapo fundi bomba huingiza fimbo ndefu za kuzibulia kuanzia chemba kurudi ndani.