Mtoto Aliyeitwa Mali

Njia ya zamani ya misafara huanzia pwani ya Bagamoyo, hupita Morogoro na Mpwapwa, hukata nyika ya Ugogo na kufika Tabora kabla ya kuelekea Ujiji. Wengi huifuata wakitafuta habari za pembe za ndovu na minyororo. Mimi nimeifuata nikitafuta majina.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta David Livingstone. Katika watu wa msafara wake tunakutana na Bombay, Mabruki Speke, Ambari, Baruti na Ulimengo. Bombay alikuwa Myao aliyeuzwa angali mtoto akapelekwa India. Jina la mji wa ugenini likamganda maisha yake yote. Mabruki alifuatishiwa jina la Mzungu aliyemtumikia, John Hanning Speke. Ambari na baruti zilikuwa bidhaa za bandarini. Msafara ulibeba nguo, shanga na nyaya za shaba. Majina ya watu wake yenyewe yalisomeka kama orodha ya forodha.

Septemba mwaka huo, huko Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa Stanley zawadi: mtoto wa kiume, mtumwa. Aliitwa Ndugu M'hali, jina ambalo Stanley alilifasiri kuwa mali ya ndugu yangu. Hakulipenda. Akawaita wakuu wa msafara wampatie mtoto jina jingine. Mmoja akasema Simba, mwingine Ng'ombe. Wa tatu akataja Mirambo, na watu wakaangua kicheko, kwani wakati huohuo Waarabu wa Tabora walikuwa vitani na mtemi huyo. Bombay akapendekeza Bombay Mdogo. Ndipo Ulimengo, akiyatazama macho maangavu ya mtoto na wepesi wake, akasema huyu ni Kalulu, yaani mtoto wa paa. Wote wakaafiki. Yakaletwa maji katika chombo kikubwa cha bati, Selim, mkalimani wa msafara, akambeba mtoto juu ya maji, na Stanley akatamka kwamba jina hilo asinyang'anywe na mtu.

Katika simulizi yote hiyo, mtoto haulizwi neno.

Hata hivyo, Ulimengo anastahili heshima. Kati ya wote waliokuwapo, yeye ndiye aliyemtazama mtoto kwanza, kisha akatafuta jina. Jina la awali lilimtazama mwenye mali.

La kusikitisha ni kwamba Stanley aliyajua machungu ya jina la kubandikwa. Alizaliwa Wales mwaka 1841, na kitabu cha kanisa la Denbigh kilimwandika John Rowlands, kikaongeza kwamba ni mwana haramu. Akiwa kijana alilitupa jina hilo huko Marekani. Kalulu hakupata nafasi hiyo. Alipelekwa Uingereza, akasomeshwa London, na mwaka 1873 jina lake likauza kitabu cha Stanley cha hadithi za vijana. Machi 1877, katika safari nyingine ya Stanley, mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya mto Kongo, akafa. Stanley akayaita maporomoko hayo Kalulu.

Biashara ya watumwa imekwisha, lakini desturi ya kumtwika mtoto habari za wakubwa tungali nayo. Tuna akina Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Mateso na Sikujua. Nyuma ya kila jina pana mwaka wa njaa, ndoa iliyovunjika au ugomvi wa mawifi. Wazee wana hoja zao: jina hutunza historia, na mahali pengi mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa alipewa jina la kudharaulika ili kifo kimpite. Hofu ya mama aliyekwisha zika watoto siwezi kuibeza.

Lakini mwenye jina ndiye anayelijibu. Mwalimu akiita Mateso darasani, anayesimama ni mtoto wa miaka saba, wala si baba aliyemtelekeza mama yake. Atalijibu hospitalini, kwenye usaili wa kazi na siku ya harusi yake. Akishakuwa mtu mzima sheria humruhusu kulibadili, ila kwa miaka yote ya utoto atakuwa amekwisha kuitwa hivyo kila siku.

Kwa hiyo, kabla ya kumtajia msajili jina la mtoto, mzazi ajiulize: jina hili linamsema mwanangu, au linanisema mimi na walionikosea? Kama linawasema wakubwa, lipelekwe kwenye kikao cha ukoo, wakubwa walijibu wao wenyewe. Mtoto atazamwe kwanza, kama Ulimengo alivyofanya Kwihara, na jina lake litokane naye.